Seti tatu za kujiundia mita ya nguvu ya redio: uanze na ipi?

Ukishamaliza kuunda transmita, swali linalokujia kwanza ni moja: inatoa wati ngapi? Sikio halikwambii. Aliyekupokea mbali atasema unasikika vizuri, lakini kwake wati 2 na wati 5 hazipishani sana. Tofauti yake ni desibeli 4 (desibeli ni kipimo cha uwiano wa nguvu), na hali ya anga huleta tofauti kama hiyo na kuifuta ndani ya dakika moja. Inabidi kupima. Na kwa kuwa pasi ya kulehemu bado iko mezani, wengi wetu tulio kwenye redio ya ridhaa huona heri kuagiza seti ya vipuri na kujiundia mita.

Ugumu uko kwenye kuchagua. Kwa jina hilohilo la mita ya nguvu utakuta vitu vitatu vya aina tofauti kabisa. Cha kwanza ni mzigo bandia wenye dayodi. Cha pili ni kapla ya mwelekeo, ile inayokaa kati ya transmita na antena na kuonyesha nguvu inayokwenda na nguvu inayorudi. Cha tatu ni mita ya logi, yaani ya logariti, inayojengwa juu ya IC (kipande kidogo chenye saketi nzima ndani yake) kama AD8307 na mara nyingi huja na skrini ya tarakimu. Nimeunda zote tatu, na msimamo wangu nautanguliza ili usome yaliyobaki ukiujua: kama unaanza na moja, anza na mzigo bandia, hata kama unachokitamani ni ile yenye skrini. Urahisi wake ni sababu mojawapo. Sababu kubwa ni kwamba huo ndio utakaoutumia kujua kama zile nyingine mbili zinasema kweli.

Zinachopima hakifanani

Mzigo bandia ni rezista zilizokaa mahali pa antena. Muundo unaoonekana sana ni rezista 20 za kiloomu 1 zilizounganishwa sambamba, zikatoa omu 50. Kila moja ikiwa ya wati 1, kundi zima linabeba wati 20. Nguvu yote ya transmita hugeuka joto humo. Kisha dayodi moja na kapasita moja hudaka kilele cha volteji na kukigeuza mkondo mnyoofu, ambao maltimita yoyote ya kawaida inausoma. Hesabu yake inaingia kichwani mara moja: chukua volti za kilele, zizidishe kwa zenyewe, gawanya kwa 100. Volti 10 ni wati 1. Volti 22.4 ni wati 5. Volti 1 ni miliwati 10.

Kasoro yake unaiona hapohapo: ukiwa umefunga mzigo bandia, hauko hewani. Huwezi kuzungumza na mtu huku unapima, wala mzigo huo hauna lolote la kukwambia kuhusu antena yako.

Hapo ndipo kapla inaposhika kazi. Hukaa kwenye njia ya kebo muda wote na kuchota sehemu ndogo ya nguvu kwa kila upande. Ikiwa antena haijalingana na kebo, sehemu ya nguvu hurudi, na kutokana na uwiano wa inayorudi kwa inayokwenda unapata SWR, yaani uwiano wa mawimbi simama. Ziko kapla za sampuli mbili ambazo utakutana nazo kwenye seti. Moja inafuata saketi aliyoieleza Warren Bruene katika jarida la QST mwezi Aprili 1959: pete moja ya feraiti inachota mkondo, na kapasita zinachota volteji. Nyingine ina pete mbili zinazofanana, moja kwa mkondo na moja kwa volteji. John Grebenkemper aliieleza kwenye jarida hilohilo Januari 1987. Kwa mtu anayeunda mwenyewe nashauri ya pete mbili bila kusita. Ile ya Bruene ina trima ya kusawazisha, na trima hiyo ikikaa vibaya mita yote inapotoka. Ya pete mbili haina usawazisho wa kukaza wala kulegeza: ukishaisuka sawasawa, imekaa sawasawa.

Mita ya logi ni ya kundi lake. AD8307 haikupi volti zinazolingana na ishara, inakupa volti zinazolingana na desibeli: milivolti 25 kwa kila desibeli moja. Inafanya kazi mpaka megahezi 500, na eneo lake la kupima linaanzia karibu dBm −75 hadi dBm +17 (dBm ni desibeli zikihesabiwa kutoka miliwati 1). Ukiyageuza hayo kuwa volti kwenye omu 50, mwisho wa chini ni kama mikrovolti 40. Dayodi haiwezi hata kuota kufika huko.

Dayodi inakula kiasi gani

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapodanganywa na mita zao bila kujua.

Dayodi yoyote hukata kipande cha volteji kabla ya kuruhusu kitu kupita. Dayodi ya silikoni kama 1N4148 hukata karibu nusu volti na zaidi. Dayodi ya Schottky kama 1N5711 hukata kidogo zaidi ya robo volti kwa mkondo mdogo wa mita. Tuseme ni volti 0.3. Transmita ya wati 5 ina kilele cha volti 22.4, ukikata 0.3 inabaki 22.1, na hesabu inakupa wati 4.87. Kosa la asilimia 3, hakuna wa kulalamika. Sasa shuka mpaka miliwati 10. Kilele ni volti 1. Kata 0.3, inabaki 0.7, na hesabu inakupa miliwati 4.9. Nusu ya nguvu imepotea kwenye karatasi ilhali kwenye waya ipo yote.

Kwa mzigo bandia dawa yake ni nyepesi: unajua dayodi imekula nini, unakirudisha kabla ya kuzidisha. Ongeza robo volti kwenye ulichosoma, kisha endelea na hesabu. Chini ya nusu volti hata njia hiyo inaanza kuyumba, kwa kuwa huko dayodi haifuati tena mstari mnyoofu. Kwa hiyo mimi huichukulia mita hii kuwa ni ya kuanzia miliwati 50 kwenda juu, na chini ya hapo siiulizi kitu.

Kwa kapla yenye mshale ugonjwa ni mkubwa zaidi, na unajificha. Chukua kapla ya mizunguko 10, ambayo huchota sehemu moja katika mia ya nguvu, yaani desibeli 20 chini. Unarusha wati 5, na antena yako ina SWR ya 1.5. Nguvu inayorudi ni wati 0.2. Baada ya kuchotwa, upande wa kwenda unapata kilele cha volti 2.24 na upande wa kurudi volti 0.45. Uwiano wao ni 0.2, na huo ndio SWR ya 1.5 (yaani 1.2 ukigawanya kwa 0.8). Lakini kabla ya kufika kwenye mshale kila upande unapita kwenye dayodi yake. Kata robo volti kila upande: 1.99 na 0.20. Uwiano sasa ni 0.1, na mshale unasimama kwenye SWR ya 1.22.

Umeona kilichotokea. Mita imeisifu antena yako. Kadiri nguvu inavyopungua ndivyo sifa inavyoongezeka, mpaka kwa nusu wati antena mbovu inaonekana haina dosari. Ndiyo maana mwenye transmita ndogo hafai kununua seti ya kapla iliyochorwa kwa ajili ya wati 100 kwa matumaini kwamba itamhudumia chini pia. Seti ya wati 100 hutumia mizunguko mingi zaidi kwenye pete ili ichote kidogo zaidi. Kwa mizunguko 32 ni desibeli 30, na kwa wati 5 dayodi inabakiwa na makombo.

Seti nzuri za kapla zinalishughulikia hili kwa njia mojawapo kati ya mbili. Baadhi zina amplifaya ndogo baada ya dayodi, na dayodi ya pili inayofanana na ya kwanza imewekwa ndani ya mzunguko wa amplifaya hiyo ili ifidie kile kilicholiwa. Nyingine zina kadi ya mshale iliyochorwa kwa vipimo halisi, ambapo nafasi kati ya namba zinabanana upande wa chini. Ukiona kadi ya seti ina mgawanyo ulio sawa kabisa kutoka sifuri mpaka mwisho na hakuna amplifaya kwenye mchoro, jua kwamba upande wa chini hautakuwa wa kutegemewa.

Na hata mita ya kiwandani inayoheshimika ina mipaka yake. Bird 43, ambayo mafundi wa vituo vya redio wameitegemea kwa miongo mingi, huahidi kosa lisilozidi asilimia 5 ya kipimo cha juu kabisa cha kidonge chake, yaani kile kipande cha kuchomeka kinachoamua mita ipime mpaka wati ngapi. Ukitia kidonge cha wati 100, hiyo ni wati 5 juu au chini popote mshale utakapokuwa. Ikisoma 20, kweli inaweza kuwa 15. Ujumbe wake kwa anayeunda ni kuchagua kipimo cha juu kilicho karibu na nguvu anayoipima, si kikubwa kwa ajili ya siku zijazo.

Logi inaona mbali, lakini si kwa undani

Skrini ikikuandikia wati 4.83, jicho linaamini. Tarakimu mbili baada ya nukta zina mamlaka fulani ambayo mshale hauna. Ila tarakimu hizo zimetoka wapi?

Mikrokontrola nyingi za kwenye seti hizi, kama ATmega328, hugawa volti 5 katika ngazi 1024. Kila ngazi ni karibu milivolti 4.9. Kwa kuwa AD8307 hutoa milivolti 25 kwa desibeli, ngazi moja ni desibeli 0.2, na desibeli 0.2 ni asilimia 4.6 ya nguvu. Kwa hiyo kuzunguka wati 5, namba zinazowezekana zinaruka kwa wati 0.23. Ile tarakimu ya mwisho ni pambo. Juu ya hapo IC yenyewe inaweza kupotoka mpaka desibeli 1 kutoka kwenye mstari wake, na desibeli 1 ni asilimia 26. Weka hiyo kando ya ile asilimia 3 ya rezista na dayodi kwa wati 5, kabla hata hujairudishia robo volti.

Haimaanishi mita ya logi ni mbaya. Ninaipenda kuliko zote kwa kazi zake, na kazi zake ni zile ambazo nyingine mbili hazigusi. Ukitaka kujua filta yako inazuia kiasi gani, unahitaji kuona ishara ikishuka desibeli 50 au 60 na bado uisome. Ukitaka kujua osileta yako inatoa miliwati mbili au miliwati tano, au kufuatilia hatua kwa hatua ndani ya transmita ili uone ni transista gani haikuzi, hiyo ndiyo mita. Hapo kosa la desibeli 1 halikukeri hata kidogo, maana unachotafuta ni desibeli 15 zilizopotea.

Ila inahitaji ulinzi. Mwisho wake wa juu ni dBm +17, na hiyo ni miliwati 50 tu. Transmita ya wati 5 ni dBm +37. Ukiichomeka moja kwa moja umeiua, na haitoi moshi wala harufu ya kukupa taarifa. Itaanza tu kusoma ovyo. Kwa nguvu kubwa lazima upitie kwenye kichotio cha desibeli 40. Wes Hayward na Bob Larkin walipoandika juu ya mita hii katika QST ya Juni 2001 waliambatanisha kichotio cha namna hiyo, na seti nyingi zimefuata njia yao: rezista tatu za omu 820 kwa mfululizo kutoka kwenye njia kuu, kisha rezista ya omu 51 kwenda ardhini. Wati 10 zinazopita juu yake hufika kwenye mita zikiwa miliwati 1. Angalia tu nguvu ya rezista hizo. Kwa wati 100 zinazopita, kila moja kati ya zile tatu hubeba karibu wati 0.66, kwa hiyo rezista za nusu wati zitakufa ukishikilia kitufe muda mrefu.

Vilevile iweke kwenye kasha la bati lililofungwa pande zote. Mita inayosoma mikrovolti 40 hupokea pia stesheni za jirani na simu iliyo mezani, na haibagui masafa. Inajumlisha kila kinachoingia. Mita ya logi isiyo na kasha haishuki chini hata usipochomeka kitu.

Mikono inafanya nini

Mzigo bandia ni kazi ya jioni moja. Rezista 20, dayodi, kapasita, soketi. Kitu pekee cha kuangalia kwa makini ni mstari kwenye dayodi uelekee upande wa kapasita na pini ya kupimia. Ukiigeuza utasoma volti hasi, na namba yenyewe itakuwa sahihi, kwa hiyo hata kosa hilo halina madhara. Usiache miguu ya rezista ikiwa mirefu. Ilehemu ikae karibu na bodi, kwa sababu kila milimita ya waya ni koili ndogo, na juu ya megahezi 30 koili hizo zinaanza kuharibu omu 50 zako.

AD8307 ina miguu minane, na kwenye seti nyingi ni ile ndogo ya kulehemiwa juu ya bodi, miguu ikiachana milimita 1.27. Kwa pasi yenye ncha nyembamba na jicho la kukuzia haichukui hata nusu saa. Shika mguu mmoja wa kona kwanza, hakikisha IC imekaa sawa, ndipo umalizie mingine.

Kapla ndiyo inayodai subira. Bodi yake haina mambo mengi, lakini kuna pete za kusuka, na kusuka pete kunataka utulivu. Waya wa shaba wenye varnishi unaupitisha tundu la pete mara 10, ukiuvuta ukaze bila kukwaruza, mizunguko isambae kuzunguka sehemu kubwa ya pete na isipandane. Kisha unakwangua varnishi kwenye ncha mpaka shaba ing'ae, unapaka lehemu, unapima kwa maltimita kama njia imefunguka. Hatua hii ya kukwangua ndiyo inayowaangusha wengi: lehemu inashika kwa nje na kuonekana nzuri, chini yake varnishi bado ipo, na mita inakaa kimya.

Na hesabu ya mizunguko ihesabiwe ndani ya tundu. Waya ukipita tundu mara moja tu bila kuzunguka, huo ni mzunguko mmoja kamili. Kapla yangu ya kwanza niliisuka nikihesabu vitanzi vinavyoonekana kwa nje, vikawa 10, kumbe ndani waya ulikuwa umepita mara 11. Pete zote mbili nilizisuka hivyo hivyo, kwa hiyo SWR ilisomeka vizuri kabisa na sikuwa na sababu ya kushuku. Lakini transmita iliyotoa wati 5 ikawa inasomeka wati 4.1. Nilitumia siku mbili nikitafuta kosa ndani ya transmita, nikabadilisha transista ya mwisho ambayo haikuwa na ubaya wowote. Nilipofunga mzigo bandia mwisho wa kapla na kulinganisha, ndipo nikahesabu upya. Kumi ukigawanya kwa kumi na moja, ukizidisha kwa yenyewe, unapata 0.83. Namba ilikuwa pale muda wote.

Nani anaihakiki nyingine

Hadithi hiyo ndiyo kiini cha ushauri wangu. Kila mita inahitaji kitu cha kujilinganisha nacho, na kati ya hizi tatu, mzigo bandia pekee unajitosheleza. Usahihi wake umetokana na omu unazoweza kupima kwa maltimita na volti unazoweza kupima kwa maltimita. Hauna trima, hauna programu, hauna namba ya kuingiza.

Kapla ukiimaliza, unaifunga kati ya transmita na mzigo bandia. Kwa kuwa omu ni 50, hakuna nguvu inayopaswa kurudi, na mshale wa kurudi ukae sifuri. Ukiinuka mpaka kwenye SWR ya 1.2, kapla yako inavujisha upande mmoja kwenda mwingine, na hutaweza kuiamini kwa antena iliyo karibu na nzuri. Geuza soketi, ingiza transmita upande wa antena. Pande mbili zinapaswa kubadilishana kazi bila tofauti. Halafu soma volti za mzigo bandia, piga hesabu ya wati, na ukaze rezista ya kurekebisha mpaka kapla iseme hivyohivyo.

Mita ya logi nayo inahitaji pointi mbili unazozijua. Washa transmita kwenye mzigo bandia, punguza mpaka dayodi ikupe wati 1, kisha chukua ishara kupitia kichotio cha desibeli 40. Umepata dBm −10, na AD8307 inapaswa kutoa karibu volti 1.85. Weka kipunguza nguvu cha desibeli 20 katikati na volti zishuke kwa nusu volti kamili. Pointi hizo mbili zinatosha kuchora mstari wote. Mwenye osiloskopu anaweza pia kutumia ishara ya volti 0.63 kutoka kilele cha juu hadi cha chini kwenye omu 50, ambayo ni dBm 0.

Kwa vipimo vyote hivi tumia wimbi lililotulia, kitufe cha Morse kikiwa kimebanwa. Sauti ya SSB, ile njia ya kurusha maongezi, hupanda na kushuka, na kila mita itaitafsiri kivyake.

Sasa uchukue ipi

Kama unaunda transmita ndogo za wati 10 kushuka chini, na antena yako ni ileile siku zote, mzigo bandia unatosha, na huenda usihitaji kingine kwa muda mrefu.

Kama unabeba redio kwenda nayo nje na kila mara unatundika antena upya, kapla ni ya lazima kwako. Transista ya mwisho ya transmita yako inaitegemea. Chukua yenye kipimo cha juu kinachokaribia nguvu yako, yenye pete mbili na fidia ya dayodi. Nguvu inayochotwa na kapla ya mizunguko 10 ni kama asilimia 1, usihofu kuiacha kwenye njia. Ila pata mzigo bandia kwanza, hata wa kuunganisha rezista zako mwenyewe bila bodi.

Kama kazi yako ni kuunda filta, osileta na vipokezi, nenda kwenye logi. Toleo lenye mshale au lenye pini mbili za maltimita linanipendeza zaidi kuliko lenye skrini, kwa kuwa unapokaza trima jicho hufuata mshale unaopanda kuliko tarakimu zinazorukaruka.

Ipo pia seti kubwa inayochanganya vyote: kapla, AD8307 mbili na mikrokontrola. Kwa SWR ni bora kuliko dayodi kwa mbali. Kwenye desibeli, uwiano ni kutoa tu. SWR ya 1.5 ni tofauti ya desibeli 14 kati ya kwenda na kurudi, na hata IC hizo zikipishana desibeli 1 utasoma kati ya 1.43 na 1.58. Kumbuka mshale wa dayodi ulisoma 1.22. Naipendekeza sana, ila kama kazi ya pili au ya tatu, kwa sababu ikikosea, kosa linaweza kuwa kwenye pete, kwenye IC au kwenye namba ulizoingiza, na bila kitu cha kulinganishia huna pa kuanzia.

Kabla ya kuagiza yoyote, omba au tafuta mchoro wa saketi na uusome. Kwenye mzigo bandia tazama dayodi imefungwa wapi. Dayodi ya 1N5711 huvumilia volti 70 kinyume, na kwenye saketi hii hupata mara mbili ya kilele. Ikifungwa moja kwa moja juu ya omu 50, mwisho wake ni karibu wati 12, hata kama rezista zimeandikwa wati 20. Seti zilizofikiriwa vizuri huifunga katikati ya rezista mbili zilizo mfululizo ili ipate nusu. Kwenye kapla hakikisha pete zimetajwa kwa aina yake, kwa mfano FT50-43. Feraiti ya aina nyingine ina sura ileile na rangi ileile, kwa hiyo usizitoe kwenye mfuko wake mpaka siku ya kusuka.

Na siku ya mzigo bandia, kabla ya kuchomeka transmita, weka maltimita kwenye soketi, kati ya pini ya katikati na ganda, usome omu. Ikisoma 49 au 51, endelea. Ikisoma 52.6, rudi kwenye bodi uangalie lehemu moja baada ya nyingine: hizo ni omu za rezista 19, na kuna moja haijashika.